Mume Niliyeozeshwa na Fomu

Sehemu ya nne

Tulipoachana nilikuwa nimesimama mbele ya Dirisha la Nne, na yule kijana wa ndani ameniambia kwamba mume wangu anapata mshahara mzuri.

Mume wangu yuko kaburini mwaka wa kumi na moja sasa. Kama huko aliko kuna mshahara, basi hajawahi kunitumia hata nauli.

Kwa aliyechelewa kuingia: mimi ni dobi wa hospitali. Nafua shuka za wodi tano. Binti yangu, mtoto wangu wa pekee, ana moyo ambao mlango wake mmoja haufungi. Akipanda ngazi saba, ya nane anaikalia. Daktari amesema mlango huo ubadilishwe. Bingwa wa kazi hiyo huja hospitalini kwetu mara mbili tu kwa mwaka, na safari hii orodha yake inafungwa Ijumaa, saa sita mchana.

Kuingia kwenye orodha lazima uwe na kimojawapo kati ya viwili: fedha ambazo sijawahi hata kuziota, au kadi ya buluu, ile ambayo serikali huwapa watu wa kipato cha chini watibiwe bure.

Kipato cha chini ninacho. Hicho hakijawahi kunipungukia.

Siku yenyewe ilikuwa Jumanne.

"Mama," akasema kijana wa dirishani, macho kwenye kompyuta, "hapa pameandikwa: mume yupo. Fundi wa mafriji. Ameajiriwa."

"Mume yupi, baba?"

"Huyo wako."

"Wangu amekufa."

"Hapa yu hai."

"Basi mpe salamu zangu. Mwambie paa linavuja."

Foleni nzima ikaangua kicheko. Kijana hakucheka. Akainua kidole kimoja, kama mwalimu.

"Na tafadhali, mama, usiniite baba. Ukiniita baba mbele ya hii mashine, na mimi nitaingia kwenye kaya yako."

Nilidhani anatania. Hakuwa anatania.

"Ulipigiwa simu ya uhakiki," akasema, "tarehe sita, jioni. Maneno yako yote yamo humu. Nikusomee?"

"Nisomee, sina siri."

Akasoma kwa sauti kavu, kama karani wa mahakama.

"Swali: mnaishi wangapi hapo? Jibu: watatu, na mmoja ndio huyo anaingia sasa, mume wangu, pua yake haikosei, chakula kikiiva tu yuko mlangoni. Swali: mumeo ana kazi? Jibu: anayo, anatengeneza mafriji ya watu mjini kote, langu limekufa mwaka wa pili anapita pembeni yake kama hajuani nalo. Hapo inasikika sauti nyingine ya kike, mgonjwa, ikisema: baba, nawa mikono ule."



Nani asiyejua, jamani? Bibi humwita mjukuu wake mume. Mjukuu naye humwita bibi mke, humlalamikia chumvi, humtishia kuoa mwingine. Mjukuu wangu huyo, tunayemwita Fundi, ana miaka ishirini na mitatu, na tangu aanze kutambaa ananiita mke wake. Mama yake, yaani binti yangu mgonjwa, humwita baba, kwa kuwa ndiye aliyerithi jina la babu yake, yaani marehemu mume wangu.

Kwa hiyo jioni ile, mimi na binti yangu, kwa pumzi moja, tulimfufua marehemu, tukamkalisha mezani, tukampa na ajira.

"Huo ni utani!" nikasema. "Mjukuu wangu huyo!"

Kijana akashusha sauti. "Mama, mimi mwenyewe nina bibi. Nikienda kumwamkia ananiuliza matumizi yake yako wapi na kwa nini nimemtelekeza. Utani naujua. Lakini kompyuta haina bibi."

"Sasa?"

"Lete cheti cha kifo."

Nilikwenda nyumbani na kurudi kama mtu anayefukuzwa na nyuki. Cheti nilikikuta chini ya godoro, kimekunjika mara nne. Kijana akakipitisha kwenye mashine, akabonyeza, akangoja, akabonyeza tena.

"Mume ameondolewa," akasema. "Wewe sasa ni mjane."

"Mjane mara ya pili," nikasema, "na mume ni yule yule."

Safari hii hata yeye meno yalimtoka kidogo. Nami nikajiona mshindi. Hapo ndipo nilipokosea, maana mshindi huwa hana breki za ulimi.

"Sasa huyu mwanamume wa kwenye simu," akauliza, "huyo mjukuu, analala wapi?"

"Analala wapi tena? Kwake. Chumba cha uani, nyumbani kwangu."

Vidole vyake vikasimama.

Akanionyesha karatasi iliyobandikwa kwenye kioo, ambayo nilikuwa naiegemea tangu asubuhi. Nikaisoma: *Kaya ni watu wote wanaolala chini ya paa moja na kula chungu kimoja. Mtu mzima mwenye kazi, mshahara wake utahesabiwa.*

"Mshahara mmoja, mnapita," akasema. "Mishahara miwili, mmezidi kiwango."

"Tumezidi kiasi gani?"

"Kidogo tu."

"Hicho kidogo kina jina?"

Akanitajia. Wasomaji wangu, ni bei ya miche minne ya sabuni kwa mwezi. Mimi dobi, niliyeshika sabuni miaka kumi na sita, moyo wa mwanangu umekwama kwenye miche minne.

"Yaani akiwa mume wangu tumezidi, na akiwa mjukuu wangu tumezidi?"

"Ndiyo."

"Na nikisema ni mpangaji?"

"Kodi yake itakuwa kipato chako."

"Na mimi nikiacha kazi leo?"

"Aliyeacha kazi anahesabiwa miezi mitatu iliyopita. Mtaonekana mko sawa kwenye Februari, mama. Orodha inafungwa Ijumaa."

Nyuma yangu mtu akakohoa kile kikohozi cha ondoka-na-sisi-tuhudumiwe. Sikuondoka. Kijana akatazama kushoto, akatazama kulia, akachukua kitabu cha kanuni na kukisoma kwa sauti ya chini, kama anakisomea kitabu chenyewe.

"Kifungu cha tisa. Anayehama katika kaya huhama na mshahara wake, kuanzia siku hiyo hiyo." Akakifunga. "Mimi sijasema kitu. Nimesoma. Na kwa kuwa maelezo yako yamepishana, hawatapiga simu tena. Alhamisi atakuja mkaguzi nyumbani, macho kwa macho. Mama, nakuomba kama bibi yangu: chunga ulimi."

Nilimkuta Fundi kazini, karakana ndogo nyuma ya duka la vipuri. Alikuwa amepiga magoti mbele ya friji lililopasuliwa mgongo, tochi mdomoni.

"Mke wangu!" akasema, akaitema tochi. "Umekuja kunifumania?"

"Nimekuja kukupa talaka."

"Ngapi?"

"Moja tu. Tutarudiana."

Alicheka. Nikamweleza. Kicheko kikampungua kidogo kidogo, kama maji yanayotoka kwenye beseni lililotoboka. Nilipomaliza alikuwa ameshika bisibisi kwa mikono miwili na kuitazama.

"Kwa hiyo mimi ndio tatizo," akasema.

"Mshahara wako."

"Mwaka jana mlinifanyia dua nipate kazi."

"Ilikubaliwa. Ndiyo shida ya dua."

Akafuta mikono kwenye suruali. "Nitalala hapa hapa. Bosi hatakataa, atapata mlinzi wa bure. Ila mama tunamwambia nini?"

"Mama yako asijue. Akijua atakataa upasuaji. Unamjua kichwa chake."

"Bibi, mama hadanganyiki."

"Mimi ndiye niliyemfundisha kusema. Nitajua namna ya kumnyamazisha."

Nayaandika haya na uso umeniwaka. Nilisema vile kwa majivuno, mkono kiunoni, mbele ya mafriji.

Jioni ile ile alihamisha godoro, mto, birika na sanduku la vifaa. Alihama wakati mama yake amesinzia. Kule karakana nguo zake alizipanga ndani ya friji lisilo na moto, mashati rafu ya juu, suruali kwenye droo ya mboga. Nikamwambia kweli umepata kabati la kitajiri, lina hata taa. Hakunijibu. Fundi kunyamazia utani wangu, hilo nalo lilikuwa jipya.

Asubuhi yake, Jumatano, nilimpelekea binti yangu uji. Yeye hulala ameketi, mito miwili mgongoni, maana akilala chali anasema anazama.

"Baba yuko wapi?" akauliza.

"Amepata kibarua kiwanda cha barafu. Zamu ya wiki mbili. Kule wanalala huko huko."

"Ameondoka bila kuniaga?"

"Ulikuwa usingizini."

Akanywa uji vijiko viwili. Akatazama mlango wa chumba cha uani, uliokuwa wazi.

"Na mto wake nao umepata kibarua?"

"Barafu ni baridi," nikasema. "Wameambiwa kila mtu aje na wake."

Alinyanyua kijiko cha tatu, akakirudisha.

Nikaenda kazini. Kwenye ufuaji wetu kuna sheria moja ambayo dobi mpya hufundishwa kabla hajavaa buti: damu haifuliwi kwa maji ya moto. Moto huishikiza damu kwenye uzi, ukaipika, ikawa ya milele. Maji baridi kwanza, chumvi, subira, kisha sabuni. Siku ile nilitia shuka za wodi ya upasuaji kwenye maji yanayochemka, beseni zima, na sikujua mpaka msimamizi aliponipigia kelele. Shuka kumi na mbili zikabaki na maua ya kahawia.

"Una nini leo?" akauliza msimamizi. "Umeachika?"

"Mimi ndiye niliyeacha," nikasema.

Nilirudi nyumbani na chupa ya klorini ya hospitali chini ya mtandio. Nikapiga deki chumba cha uani mpaka harufu ya Fundi, ile ya gesi na grisi, ikatoka. Nikang'oa misumari aliyotundikia suruali. Kikombe chake cha bati nikampa jirani. Kwenye kamba nikaondoa soksi zake, moja moja. Kuondoa madoa ndiyo kazi yangu, na siku ile niliifanya vizuri kuliko siku yoyote niliyolipwa.

Alhamisi, saa nne asubuhi, hodi.

Bi Mkaguzi alikuwa mwanamke wa makamo, mnene kiasi, viatu vya mtu anayetembea sana, kishikwambi kifuani kama mtoto mchanga. Sura yake ya huruma. Hao ndio wabaya zaidi. Mwenye sura ya ukali unamnunia, huyu unataka kumweleza kila kitu.

"Karibu, ma..." nikaanza, nikauma ulimi. Usimwite mtu mama. Usimwite mtu dada. "Karibu, afisa."

"Asante, mama."

Akazunguka nyumba. Alihesabu magodoro. Alihesabu vikombe. Akafungua mlango wa chumba cha uani, akanusa.

"Kunanukia hospitali," akasema.

"Mimi ni dobi."

"Hapa nani analala?"

"Hakuna."

"Alikuwepo nani?"

"Mjukuu."

"Yuko wapi?"

"Amehama."

"Lini?"

"Jumanne."

Nilijibu neno moja moja, kama mtu anayelipia kila neno. Mimi, ambaye msibani huwekwa nyuma kwa kuchekesha watu! Bi Mkaguzi akaandika, akaandika, kisha akanitazama juu ya miwani.

"Mama, siku ile kwenye simu ulikuwa mzungumzaji sana."

"Nimepona," nikasema.

Alitabasamu. Nikaona mlango unafunguka. Nikaiona kadi, nikaiona na Ijumaa yenyewe, mimi napanda ngazi za ofisi ya bingwa dakika kumi kabla ya saa sita.

"Bado swali moja," akasema. "Hilo lazima mgonjwa alijibu mwenyewe."

Tukaingia kwa binti yangu. Alikuwa amejifunga kitambaa kipya kichwani, ameketi wima kama bibi harusi. Bi Mkaguzi akavuta kigoda.

"Pole na maradhi, dada. Nitauliza kwa kifupi. Mwanao anaishi hapa?"

Binti yangu hakumtazama yeye. Alinitazama mimi.

"Mama amesemaje?"

"Amesema amehama."

"Mimi ameniambia yuko kiwanda cha barafu."

Nikasikia bomba la jirani likidondosha maji. Bi Mkaguzi akaweka kishikwambi mapajani, kifudifudi.

"Dada," akasema polepole, "sikio langu hili moja lina matatizo. Sijasikia jibu. Nitauliza tena baadaye."

Mungu amlipe yule mwanamke, nikasema moyoni. Lakini binti yangu hakuwa na haja ya sikio bovu la mtu.

"Jana alikuja, mama," akaniambia. "Ulikuwa kazini. Aliniletea machungwa. Hakusema neno baya juu yako, alisema barafu ni nyingi. Shavuni alikuwa na alama za ule wavu wa nyuma ya friji. Mistari, kama mshikaki uliotoka jikoni. Unalaza mjukuu wako juu ya chuma?"

"Godoro lake si ana..."

"Bosi wake ameweka vipuri juu ya godoro. Hilo nilimlazimisha aseme."

Akamgeukia mkaguzi.

"Na mimi nina swali. Akihama, anaruhusiwa kurudi lini?"

"Kadi hukaguliwa kila miezi sita," akasema Bi Mkaguzi. "Akikutwa amerudi na mishahara bado ni miwili, inafungwa."

"Na dawa za baada ya huu mlango mpya? Daktari alisema itabidi ninywe dawa ili damu isigande."

"Kwa kadi utazipata bure. Kila mwezi."

"Mpaka lini?"

Bi Mkaguzi akavua miwani, akaifuta kwa ncha ya nguo, na ilikuwa safi.

"Hizo ni za maisha, dada."

"Maisha yangu."

"Ndiyo."

Binti yangu akavuta pumzi, akapumzika, akavuta nyingine.

"Kwa hiyo nikipona, mwanangu hana kwao. Akirudi kwao, mimi sina dawa. Na akitaka kwao, angoje nife."

"Usiseme hivyo!" nikaruka. "Atakuwa anakuja kutusalimia. Atabisha hodi kama mchumba, na maua, tutamtengea kiti cha wageni..."

Hakucheka mtu. Miaka hamsini na nane nimechekesha watu, nimechekesha mpaka daktari aliyenipa habari za moyo wa mwanangu. Pale chumbani neno langu lilianguka sakafuni, pap, kama kitambaa kibichi.

"Mama, hayo ya maisha ulikuwa unayajua?"

Hapa ndipo ningependa nafasi yangu kwenye gazeti hili iishie. Lakini nimeahidi kusema yote.

Dawa nilizijua. Daktari aliniambia mimi kwanza, kwenye korido, kabla ya yeye. Ukaguzi wa kila miezi sita nao niliuona, umeandikwa chini ya ile karatasi ya Dirisha la Nne, mstari wa mwisho. Macho yangu yalifika pale, nikayaondoa. Sikumwuliza kijana, kwa sababu angenijibu.

"Niliyajua," nikasema.

Aliitikia kwa kichwa, si kwa hasira. Ningeifahamu hasira. Aliitikia kama mtu aliyepiga hesabu yake pembeni na sasa jibu la mwalimu limelingana na lake.

"Naomba hicho," akamwambia Bi Mkaguzi, akinyoosha mkono kwa kishikwambi. "Pumzi yangu ndogo. Niandike mwenyewe."

"Dada, hapo panahitajika ndiyo au hapana tu."

"Hapa chini pana nafasi ya maelezo. Nimeiona."

Bi Mkaguzi akampa.

Aliandika kwa kidole kimoja. Aliandika kwa muda mrefu kuliko ndiyo, na mrefu kuliko hapana. Mara mbili alisimama akapumua, akaendelea. Mimi nilisimama miguuni pa kitanda nikikunja pembe ya shuka, nikiikunjua, nikiikunja. Nilikuwa naomba jambo moja tu: aandike uongo. Nimemlea mwanangu kwa fimbo asiseme uongo, na asubuhi ile nilikuwa naomba fimbo zote zile ziwe hazikumwingia.

Akamaliza. Akakirudisha kishikwambi, akajiegemeza kwenye mito, akafumba macho.

Bi Mkaguzi akasoma. Akavaa miwani, akasoma tena. Kisha akainua macho, na hakumtazama mgonjwa. Alinitazama mimi.

"Mama," akasema, "hebu kaa."

"Ameandika nini? Amesema yule anaishi hapa?"

"Amesema anaishi hapa, ndiyo. Leo hii anarudi na godoro lake."

Nikashika ukuta. "Basi tumekosa. Basi ameniua na amejiua."

"Hamjakosa." Sauti yake ilikuwa ya chini sana. "Ameandika kwamba anayehama ni wewe."

Sikuelewa. Nawaambia kweli, nilicheka. Nilidhani hatimaye amenitania, damu yangu, mtoto wa nyoka.

"Mimi? Nihamie wapi? Nyumba hii naipanga mimi!"

"Jina la mpangaji hubadilishwa," akasema binti yangu, macho bado amefumba. "Mama mkubwa ana chumba kitupu tangu watoto wake waolewe. Kina dirisha, kina kitanda. Wewe huko utalala kitandani, mama. Yeye analala kwenye chuma."

"Nani atakuogesha? Nani atakukalisha usiku ukizama?"

"Mwanangu."

"Mwanao ni fundi friji!"

"Na wewe ni dobi," akasema. "Kuuguza nyote mmejifunzia kwangu."

Nikamgeukia Bi Mkaguzi, nikamshika mkono, nikasahau mambo ya kaya na mashine. "Mwanangu, mama, dada yangu, mwambie haiwezekani. Mwambie kanuni inakataa!"

Hakuutoa mkono wake. Hilo ndilo lililoniogopesha.

"Kanuni inakubali," akasema. "Anayehama huhama na mshahara wake. Wakibaki wawili, mtoto na mama yake, mshahara ni mmoja. Wanapita. Nikituma sasa hivi, kadi inatoka kesho saa mbili, na saa sita hamjachelewa. Nisipotuma, sina safari nyingine ya kuja huku kabla ya Jumatatu."

Binti yangu alikuwa ameugeuzia uso ukutani. Nikaona mabega yake yakipanda na kushuka, haraka haraka, kazi ya kuvuta hewa tu. Nilitaka aseme neno moja, hata la matusi.

Bi Mkaguzi akakigeuza kishikwambi upande wangu. Kila kitu kilikuwa kimejazwa: jina langu, kazi yangu, umri wangu, uhusiano na mgonjwa. Palibaki kisanduku kimoja cheupe.

"Tarehe ya kuhama," akasema. "Hii hujazwa na anayehama mwenyewe, wala siwezi kukujazia bila neno lako. Niandike ya leo?"